Umeweka kiendelezi, matangazo bado yanakuandama: tutafute tatizo liko wapi

Kijana mmoja wa Makorora alinijia dukani na laptopu kwapani, baiskeli kaiegemeza kwenye nguzo. "Kaka, kile kidude ulichoniwekea kimekufa," akasema hata kabla ya salamu. Kidude chenyewe ni kiendelezi, yaani kiprogramu kinachobandikwa kwenye kivinjari (Chrome, Firefox na wenzao), cha kuzuia wanaokufuatilia mtandaoni, nilichomwekea wiki mbili nyuma. Ushahidi wake: usiku alitafuta bei ya baiskeli ya gia, kulipokucha baiskeli zimejaa kila ukurasa anaofungua, hadi kwenye habari za mpira. Nikamuuliza alitafuta kwa kifaa gani. Kwa simu. Na hizo baiskeli kaziona wapi? Kwenye simu hiyohiyo. Kiendelezi kilikuwa kwenye laptopu, na laptopu haikuwashwa tangu juzi.

Nina duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu za namba. Ni fotokopi, kuchapa barua, maombi ya vyuo, na jioni nasafisha kompyuta za watu. Malalamiko ya viendelezi ninayoletewa mengi ni ndugu wa hilo la baiskeli: mtu kaweka mlinzi mlango wa mbele, mwenyewe anaingilia uani. Kwa hiyo kwa kila dalili iliyo hapa chini, anza kwa kujiuliza kama kiendelezi kipo kwenye dirisha hili unalotumia sasa hivi. Ukishajibu, endelea.

Kwanza, kinazuia nini?

Ukifungua ukurasa wa gazeti, hauji peke yake. Unavuta vipande kutoka seva za kampuni nyingine: tangazo, kitufe cha kupenda, kihesabu cha wasomaji, wakati mwingine kijipicha cha pikseli moja ambacho jicho halikioni. Kila kipande kinaweza kukuachia kidakuzi, yaani kijifaili cha kukutambua ukirudi. Lou Montulli wa Netscape alipobuni vidakuzi mwaka 1994, tovuti ilikuwa na haja ya kumkumbuka mgeni wake, mathalani alichokwisha kutia kwenye kikapu cha manunuzi. Lakini kampuni moja ikiwa na vipande vyake kwenye maelfu ya tovuti, kidakuzi chake kinakuona kote huko.

Kiendelezi kama uBlock Origin hubeba orodha ndefu za anwani za wafuatiliaji hao. Kivinjari kikitaka kupeleka ombi kwenye anwani iliyomo, ombi linakatwa kabla halijatoka. Privacy Badger, ya shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani, ilianza 2014 kwa mwendo mwingine: inamtazama nani anaonekana kukufuata kwenye tovuti tatu tofauti, kisha inamfungia. Siku hizi huja ikiwa imeshafunzwa, haisubiri kujifunza kwenye mgongo wako. Na kwa kuwa kisichoombwa hakipakuliwi, bando nalo linapumua. Wateja wangu wengi hilo la bando ndilo lililowaleta. Faragha wameikuta njiani.

"Kwenye simu sioni tofauti"

Chrome ya Android haipokei viendelezi. Usihangaike kuchokonoa mipangilio, hakuna kilichofichwa. Watu huona akaunti ya Google ya laptopu ndiyo ya simu, wakadhani na kiendelezi kitahamia. Hakihami.

Dawa iliyo rahisi ni Firefox ya Android. Tangu Desemba 2023 imefungulia mlango mamia ya viendelezi, na uBlock Origin imo. Kwenye iPhone mambo ni kinyume: Safari ndiyo inayopokea, viendelezi vyake vinapatikana App Store, ilhali Firefox na Chrome za iPhone hazipokei. Opera Mini, kipenzi cha wenye bando dogo, ina kizuia matangazo chake cha ndani lakini si mahali pa kuweka viendelezi hivi. Tena ukiwasha kubana data, kurasa zako hupitia seva za Opera. Hilo halina ubaya wake lazima, ila ujue umechagua nani akuone.

Halafu kuna programu. Programu ya Facebook, ya TikTok, ya YouTube si kivinjari, na kiendelezi cha kivinjari hakiingii humo hata kidogo. Mama mmoja wa Chumbageni anayeuza khanga mtandaoni alinirudia akinung'unika: "Mwanangu, Firefox umeniwekea, na bado vile vile." Nikamwambia, "Mama, hebu bonyeza kiungo chochote nikuone." Akabonyeza kiungo alichotumiwa na mteja, ukurasa ukafunguka. Ukitazama haraka unafanana na kivinjari, lakini ulikuwa umefunguka ndani ya ileile programu ya mtandao wa kijamii. Programu nyingi za aina hiyo zina dirisha lao. Bonyeza vidoti vitatu juu, chagua kufungua kwenye kivinjari. Kama umeiteua Firefox kuwa kivinjari chako cha kawaida kwenye mipangilio ya simu, ndiko kiungo kitakakokwenda.

Ninachowashauri wanaokubali ni kufuta programu za mitandao wasiyoitumia sana, waingie kwa kivinjari. Wachache hukubali.

"Nikiwa Hali Fiche matangazo yanarudi"

Ni kwa sababu viendelezi huzimwa humo mpaka uviruhusu. Kwenye Chrome ya kompyuta fungua ukurasa wa viendelezi, ingia kwenye maelezo ya kiendelezi chako, washa ruhusa ya Hali Fiche. Firefox nayo ina swali kama hilo la madirisha ya faragha. Na usidanganyike na jina: Hali Fiche inakuficha kwa anayeshika kompyuta baada yako. Tovuti bado zinakuona.

"Matangazo yamepungua, lakini bado wananijua"

Hapa ndipo penye kazi. Sababu si moja, nazo huja pamoja.

Ya kwanza ni kwamba umeingia kwa akaunti. Kiendelezi kinamzuia mtu wa tatu, yule asiye mwenye tovuti uliyoifungua. Ukiwa ndani ya Facebook na jina lako, Facebook ndiye mwenye nyumba. Unachopenda, unachosimama kukitazama, unachoandika, anakiona bila kuhitaji kukufuata popote. Vivyo hivyo na Google kwa unachotafuta ukiwa umeingia. Kinachoweza kuzuiwa ni mwenye nyumba huyo kukufuata ukitoka. Mozilla wana kiendelezi cha Firefox kiitwacho Facebook Container, tangu 2018, kinachoifungia Facebook kwenye chumba chake ili kidakuzi chake kisikutambue kwenye tovuti nyingine. Ndani ya mipangilio ya akaunti yenyewe pia kuna mahali pa kuona shughuli zako zilizoletwa na tovuti na maduka ya nje, na pa kuzikata. Nenda ukatazame hata mara moja. Nimemwona mzee wa watu akikaa kimya dakika nzima mbele ya orodha ile.

Ya pili ni simu na laptopu kuwa na akaunti moja. Ulichotafuta kwenye simu isiyo na kinga kinakuja kukukuta kwenye laptopu yenye kinga. Baiskeli zile, kwa mfano, zingeweza kumfikia hata kwenye laptopu, kama ingekuwa imewashwa.

Ya tatu haina uhusiano na kivinjari: namba yako ya simu. Uliiandika kwenye kaunta ya duka, duka likaipandisha kwenye mtandao wa matangazo kutafuta wateja wake, wewe ukaonekana. Hakuna kiendelezi cha kuzuia hilo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayompa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayopokea malalamiko.

Ya nne ni kitambulisho cha matangazo kilichomo kwenye simu ya Android. Programu hukitumia kukutambua. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya Google, kisha matangazo, ukifute. Ni kazi ya nusu dakika.

Ya tano ni alama za kivinjari chenyewe: ukubwa wa skrini, fonti zilizomo, lugha, saa za eneo, aina ya kadi ya picha. Kimoja kimoja si kitu, vikijumlishwa vinakutofautisha na wengine bila kidakuzi chochote. Electronic Frontier Foundation walianza kulionesha hili kwa kipimo cha wazi mwaka 2010, na leo kipimo chao kinaitwa Cover Your Tracks. Fungua uone chako kinasemaje. Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalipendi nikiwaambia. Kurundika viendelezi kumi vya ajabu kunaweza kukufanya utambulike zaidi. Ni kama harusini: wote wamevaa sare, wewe peke yako umeongeza kilemba cha dhahabu. Kizuia kimoja kizuri pamoja na kinga ya ndani ya kivinjari kinatosha. Firefox tangu 2022 humpa kila mtu vyumba tofauti vya vidakuzi kwa kila tovuti bila kuombwa, na Safari ilianza kuzuia vidakuzi vyote vya mtu wa tatu mwaka 2020. Google walitangaza 2020 kwamba Chrome nayo itavifuta, wakavuta na kuvuta, na 2024 wakarudi nyuma. Ukibaki Chrome, nenda mwenyewe kwenye mipangilio ya faragha uvizuie.

Na anwani ya IP, ile namba inayoonesha unatokea mtandao gani? Kiendelezi cha kuzuia wafuatiliaji hakiifichi. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo, mwangalie mara mbili.

"Fomu haiendi, kitufe kimekufa"

Hii ndiyo inayowafanya watu wafute viendelezi kwa hasira, na mara nyingi huja siku mbaya. Binti mmoja wa Mabawa alikuwa anamalizia maombi ya chuo, siku ya mwisho, jioni. Kitufe cha kuwasilisha kinabonyezeka lakini hakuna kinachotokea. Akapakia ukurasa upya. Fomu ikawa tupu.

Kwa hiyo kabla ya chochote, nakili ulichoandika ukibandike mahali pengine. Ndipo uanze.

Jaribu tovuti ileile kwenye simu au kompyuta isiyo na kiendelezi. Ikigoma na huko, kiendelezi hakina kosa. Siku ya mwisho ya maombi seva hulemewa, na dawa yake ni kurudi usiku wa manane. Ikikubali, tatizo liko kwako, na kulitatua hakuhitaji kufuta kitu.

Kwenye uBlock Origin bonyeza alama yake, utaona kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima. Ukikibonyeza unaizima kwa tovuti hiyo tu, kwingine kote inaendelea na kazi. Kisha lazima upakie ukurasa upya. Watu wengi husahau hapa, wakasema nimezima na bado. Fomu ikikubali, maliza shughuli yako, urudi kuiwasha.

Kwenye Privacy Badger utakuta orodha ya anwani zenye vibao vya kusogeza. Nyekundu imezuiwa kabisa, njano imeruhusiwa ila vidakuzi vyake vimekatwa, kijani inapita. Anza na nyekundu zenye jina linalohusiana na kazi unayoifanya: ramani, video, malipo, uthibitisho. Isogeze moja hadi njano, pakia upya, tazama. Ukisogeza zote kijani kwa pamoja utafanikiwa, lakini hutajua nani alikuwa mkosaji, na kesho utahangaika tena. Mahali palipokuwa na kitufe cha mtandao wa kijamii au video, Privacy Badger huweza kuacha kibao chake mwenyewe. Bonyeza hapo kuruhusu, usifikiri ukurasa umeharibika.

Kurasa za malipo zina hila yake. Unapobonyeza kulipa mara nyingi unahamishwa kwenda tovuti ya kampuni nyingine, na ile ruhusa uliyotoa kwa tovuti ya kwanza haikufuati. Toa ruhusa upya huko ulikofika. Vilevile na kile kidirisha cha kuingia kwa akaunti ya Google au Facebook: kikifunguka na kujifunga chenyewe, mara nyingi ni vidakuzi vya mtu wa tatu vimezuiwa. Kwenye Firefox bonyeza ngao iliyo pembeni ya anwani, uzime kinga kwa tovuti hiyo.

Ikiwa una viendelezi vingi na hujui kipi, usivizime kimoja kimoja. Fanya kama fundi wa mapambo ya harusi anayetafuta taa iliyokatisha mnyororo: anagawa nusu. Zima nusu ya viendelezi, jaribu. Tatizo likiondoka, limo kwenye nusu uliyozima. Likibaki, limo kwenye nusu nyingine. Gawa tena. Viendelezi vinane vinakwisha kwa majaribio matatu.

Binti wa Mabawa alikuwa na vizuia vitatu vya kazi moja. Tulizima vyote kwa tovuti ile, akajaza upya, akawasilisha saa tatu na nusu usiku huku nimeshashusha nusu ya mlango.

"Video inagoma, naambiwa nizime kizuizi"

YouTube walianza kuonya watumiaji wa vizuizi kwa wingi mwaka 2023, na magazeti mengi ya nje hufanya hivyo kwa wasomaji wao. Kwanza hakikisha kizuia ni kimoja. Viwili vikigombania ukurasa mmoja ndivyo vinavyogundulika upesi. Pili, ingia kwenye orodha za uBlock Origin uzisasishe, maana orodha ya mwezi uliopita haijui mbinu za wiki hii. Bado? Basi chagua kulipia, kuvumilia tangazo, au kuacha. Mimi kwa vijigazeti vidogo ninavyovisoma kila siku nimezima kizuia kwa hiari yangu, nao wanakula kwa matangazo hayo.

"Kila nikifungua naulizwa nenosiri"

Umewasha kufuta vidakuzi unapofunga kivinjari, au una kiendelezi kinachofanya hivyo. Kidakuzi cha kukukumbuka kinafutwa pamoja na vya wafuatiliaji. Weka tovuti unazozitumia kila siku kwenye orodha ya zisizofutwa, tatizo limekwisha.

"Kila mahali naambiwa nithibitishe mimi si roboti"

Ukizuia skripti (vijiprogramu vinavyokuja na ukurasa) na vidakuzi vingi, tovuti haina kumbukumbu ya kwamba ulishathibitisha, inakuuliza upya. Ruhusu kwa tovuti hiyo. Lakini mtandao wa simu nao huchangia, kwa kuwa wateja wengi hutokea kwa anwani moja ya IP, na mmoja wao akifanya fujo mnashukiwa nyote. Zima data, uwashe tena. Huenda ukapewa anwani nyingine.

"Tangu niweke, kompyuta imekuwa nzito"

Kizuia kimoja hupunguza mzigo, kwa sababu vinavyopakuliwa vimepungua. Vikiwa vitatu au vinne vyenye kazi ileile, kila ombi linakaguliwa na wote. Bakiza kimoja. Na ukiikuta HTTPS Everywhere, iliyokuwa ikizilazimisha tovuti zitumie njia salama ya https, ing'oe bila huruma: ilistaafishwa, vivinjari vyenyewe siku hizi vina kazi hiyo.

"Kimezimwa chenyewe"

Kama ni uBlock Origin kwenye Chrome, hujakosea kitu. Google walibadilisha kanuni za viendelezi, na kati ya 2024 na 2025 Chrome ikaacha kukubali vile vya mfumo wa zamani. Aliyeitengeneza, Raymond Hill, ametoa uBlock Origin Lite inayofuata kanuni mpya. Inafanya kazi vizuri kwa matumizi ya kawaida, ila uwezo wake ni mdogo: huwezi kujiongezea orodha kwa uhuru ule wa zamani, na kanuni zake husasishwa hasa toleo jipya la kiendelezi linapotoka. Anayetaka ile kamili ahamie Firefox. Ninapohamisha mtu hubeba alamisho na manenosiri yake kwa pamoja, kazi ya dakika kumi, akirudi kesho kalalamika rangi tu.

"Ukurasa wangu wa kutafutia umebadilika"

Hii usiichukulie kwa mzaha. Kiendelezi chenyewe kinaweza kuwa jasusi. Vizuia matangazo vingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote, na ruhusa hiyohiyo mikononi mwa mwovu ni funguo za nyumba nzima. Nano Adblocker iliuzwa kwa wenyewe wengine mwaka 2020, ikageuka, ikaondolewa dukani. The Great Suspender, kiendelezi cha kulaza kurasa zilizofunguliwa bila kutumika, ikaondolewa Februari 2021 kwa mkasa wa aina hiyohiyo. Watu walioviweka vikiwa salama hawakubonyeza chochote kibaya; vilibadilishiwa mmiliki vikiwa ndani ya kompyuta zao.

Angalia na majina. uBlock na uBlock Origin ni vitu viwili vyenye wenyewe tofauti. Unachotaka ni kile chenye Origin, na jina la Raymond Hill kama mtengenezaji.

Ukurasa wa kutafutia ukibadilika, au matangazo mapya yakichipua mahali pasipokuwa nayo, fungua orodha ya viendelezi na utoe kila usichokumbuka kukiweka. Vilivyobaki vigawe nusu kama tulivyofanya juu. Rudisha injini ya kutafutia kwenye mipangilio. Kisha badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, ndipo mengine, na ufanye hivyo kwa kifaa kingine ambacho kiendelezi kile hakijawahi kukaa. Ukimaliza, ingia kwenye akaunti utazame vifaa vilivyounganishwa nayo. Usichokitambua kitoe hapohapo.